Je, Wimbo Waweza Kuibiwa?

Chini ya kitanda changu lilikuwapo sanduku la bati lenye kanda za kaseti 124. Nyingi zilikuwa zimeingia ukungu, na mama watoto amesema mara nyingi kwamba sanduku hilo halina faida ila kufuga mende. Sikuweza kumkatalia, maana mende hao niliwaona kwa macho yangu. Basi wakati wa likizo mjukuu wetu, kijana wa kidato cha tano, alisikia ubishi huo akasema, "Babu, nipe majina ya nyimbo zako nikutafutie zote kwenye simu, halafu sanduku tulitupe." Nikadhani anajigamba, kama ilivyo desturi ya vijana. Nikampa daftari nililokuwa nikiandika orodha ya kanda hizo.

Kabla sijamaliza kikombe cha pili cha chai alikuwa amekwisha kupata nyimbo 40. Nyimbo ambazo mimi nilizivizia miaka mingi, nimekaa kando ya redio na kidole juu ya kitufe cha kurekodia, yeye alizipakua jioni moja huku akizungumza na dada yake. Nilifurahi, sitaficha. Nilisikia gitaa la Mbaraka Mwinshehe likiwa safi, bila mtangazaji kuingilia kati na bila ule mlio wa redio kama wa samaki wanaokaangwa. Lakini furaha ilipotulia nikakumbuka kwamba mimi ni babu, na babu hana budi kuonya. Nikamwuliza, "Na wenye nyimbo hizi, umewalipa wapi?" Akacheka, akasema hazilipiwi. Ndipo nikamweleza kwa kirefu habari ya kuchukua kitu cha mtu pasipo ridhaa yake, na amri tuliyofundishwa tungali wadogo.

Hakunijibu. Alifungua daftari upande wa nyuma, ambako nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna maandishi, akasoma kwa sauti: "Kanda moja, shilingi 20. Kanda mbili, shilingi 40. Bado anadaiwa shilingi 10." Kisha akauliza, "Babu, hii ilikuwa biashara ya nani?"

Ilikuwa yangu. Siku ile sikupata neno la kumwambia, nikasingizia usingizi. Naandika haya kwa sababu usingizi wenyewe haukuja.

Yafaa kwanza nieleze mapenzi yangu, ili msomaji ajue anasema na mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa dansi la bendi zetu za zamani. Nimekulia Morogoro, mji uliokuwa na bendi mbili zilizovuma nchi nzima, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka wa 1965 nikiwa mtoto, kwa hiyo yeye nilimjua kwa santuri tu. Mbaraka nilimwona. Sauti yake haikuwa ya kujilazimisha. Alikuwa kama mtu anayekusimulia jambo barazani, na gitaa likimwitikia kama msikilizaji mwenye adabu. Baadaye, nilipohamia Dar es Salaam kwa kazi ya ukarani, nikawa mtu wa Sikinde, yaani Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka wa 1978. Walioishi mjini siku zile watakumbuka kwamba mtu alikuwa ama wa Sikinde ama wa Msondo, yaani Juwata, ile iliyozaliwa mwaka wa 1964 kwa jina la NUTA Jazz. Wa katikati hawakuwapo. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa ajili hiyo. Mimi nilichopenda kwa Sikinde ni kwamba hawakuwa na haraka. Beti ziliimbwa polepole, kisa kikasimuliwa chote, mke na mume na mashemeji, kila mtu na neno lake, ndipo tarumbeta na saksafoni zikaamka, bendi ikaingia kwenye chemko, na wewe uliyekuwa umeketi ukiwaza madeni yako ukajikuta umesimama. Wa Msondo watanisamehe. Na muziki wa siku hizi sina ugomvi nao, ila naona unaanza na chemko na kwisha kabla kisa hakijaanza.

Sasa nirudi Morogoro, mwaka wa 1971. Nilikuwa na miaka 17. Morogoro Jazz, waliokwenda Japani mwaka uliotangulia kupiga kwenye maonyesho makubwa ya Osaka, walikuwa na dansi usiku wa Jumamosi. Kiingilio kilikuwa shilingi 3, nami mfukoni nilikuwa na thumuni. Ukumbi ulizungushiwa ua wa makuti. Nje ya ua, kando ya njia, walisimama watu wengi: wauza karanga na kahawa, wazee waliopitia kutoka kwenye pombe, wanawake wenye watoto mgongoni, vijana wasio na kitu. Walisikia kila neno. Wengine walicheza pale pale vumbini, na hakuna aliyewafukuza. Lakini mimi sikuridhika na kusikia. Nilitaka kuona vidole vyake. Nikazunguka nyuma, nikapanua makuti, nikaingia. Nilisimama karibu na jukwaa kwa muda wa nyimbo tatu. Kisha bawabu akanishika shingo, akanitoa nje mbele ya watu, na miongoni mwao alikuwapo jirani yetu. Habari zilimfikia baba kabla mimi sijafika. Yaliyofuata nyumbani hayahusiani na muziki.

Nimeufikiri usiku ule mara nyingi. Hivi nilichukua nini? Ukumbi haukujaa, na hakuna aliyekosa mahali kwa ajili yangu. Mbaraka hakugusa uzi mmoja zaidi kwa sababu mimi nimeingia. Mbuzi wa mtu ukimchukua, mwenyewe hulala hana mbuzi. Wimbo ukiuchukua, mwenyewe amebaki nao mzima. Hiyo ndiyo hoja ya mjukuu wangu, na si hoja ya kijinga; watu wenye elimu kubwa wameitoa kabla yake. Hata hivyo nilijua nimekosa. Bawabu alijua, baba alijua, na wale wa njiani walionicheka walijua. Nadhani ni kwa sababu ua ule haukuwekwa kulinda kitu ambacho kingepungua. Uliwekwa ili kuwatenga waliokubali kuubeba usiku ule na wale wasiokubali. Wapigaji walikula kutokana na mlango ule. Kila aliyetoa shilingi 3 alitia bega lake chini ya mzigo, nami niliyetoboa makuti nikaupanda mzigo wenyewe. Kama sote tungetoboa makuti Jumamosi hiyo, Jumamosi ya pili kusingekuwa na dansi.

Na wale wa njiani? Wao hawakukosa hata kidogo. Muziki ukipigwa huvuka ua wenyewe, na mwenye dansi anajua hivyo. Wengine huvutwa na ule wa njiani hata wakatafuta hela ya kuingilia wiki ijayo. Basi palikuwa na watu wa namna tatu: wa mlangoni, wa njiani, na wa kutoboa makuti. Kwa maoni yangu habari yote ya kupakua nyimbo ni kuuliza aliyeshika simu amesimama wapi kati ya hao.

Nianze na mimi mwenyewe na redio yangu. Vijana hawajui hali ilivyokuwa. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Za bendi zetu zilifyatuliwa Nairobi, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977 na mpaka kufungwa, njia hiyo nayo ikawa nyembamba. Bendi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam. Nyimbo zikapigwa hewani asubuhi hata usiku, taifa zima likaziimba, lakini hapakuwa na duka ambalo ungeweza kuingia ukasema, nipe ule, na hela yake hii hapa. Basi nikarekodi kutoka redioni, na kwa hilo sijuti. Nilikuwa mtu wa njiani, nimesimama mahali ambapo muziki umefika kwa miguu yake.

Lakini mwaka wa 1982 nilipata redio kaseti ya pili, na waya wa kuziunganisha. Hapo ndipo upande wa nyuma wa daftari ulipoanza. Ukiniletea kanda tupu ya dakika 60 nilikujazia Sikinde pande zote mbili kwa shilingi 20. Wateja wangu niliwaandika kwa mwandiko mzuri wa karani. Mjukuu alipojumlisha, zilikuwa kanda 63, shilingi 1,260, fedha iliyozidi mshahara wangu wa mwezi wakati ule. Yaani nilitoka katika kundi la wa njiani, nikapanga viti vyangu kando ya ua, nikaanza kutoza kiingilio. Na la ajabu ni kwamba Jumamosi nilikwenda Mlimani, nikalipa mlangoni kama mtu mwaminifu, nikawapigia makofi hadi viganja vikauma, kisha Jumatatu nikaendelea kuuza jasho lao. Haya sikuona.

Hapo ndipo panaponisumbua hata leo. Kwa nini kutoboa makuti kuliniuma, na kunakili kanda hakukuniuma? Sina jibu jingine ila kwamba bawabu alinishika shingo, na kanda haina bawabu. Unayemnyima humwoni; anayekushukuru yuko mlangoni pako na shilingi 20 mkononi, tena anakuita fundi. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo nchini tangu mwaka wa 1966, lakini mimi sikuisikia hata siku moja, wala sikumjua mtu aliyeisikia. Hii ya mwaka wa 1999, iliyozaa COSOTA, nimeisikia redioni.

Wala mtu asidhani kwamba sheria ikiwapo mambo yamekwisha. Solomon Linda, mwimbaji Mzulu, alirekodi wimbo wa "Mbube" kule Johannesburg mwaka wa 1939. Wimbo ukavuka bahari, ukapewa jina jingine, ukaimbwa na makundi mengi ya Marekani, na mwaka wa 1994 ukasikika katika filamu ya The Lion King. Haki zake mwenyewe zilikwenda kwa shilingi 10. Alikufa maskini mwaka wa 1962, na mabinti zake hawakupata suluhu ya malipo mpaka mwaka wa 2006. Hapo hapakuwa na mtu wa kutoboa makuti. Wenye ukumbi walimtilisha mwimbaji saini wakauchukua mlango. Nalitaja hili kwa kuwa vijana wakionywa hujibu kwamba kampuni zenyewe ndizo zinazowanyonya wanamuziki, na mara nyingi wanasema kweli. Ila sioni jinsi kosa la mwenye ukumbi linavyonipa mimi ruhusa ya kupanua makuti. Hapo mpigaji ananyimwa mbele na nyuma.

Tuje kwenye simu. Mwaka wa 1999 ilitokea huko Marekani programu iitwayo Napster, ambayo watu walipeana nyimbo bure kutoka kompyuta hadi kompyuta, mpaka mahakama zikaikomesha mwaka wa 2001. Miaka miwili baadaye kampuni ya Apple ikaanza kuuza wimbo mmoja mmoja kwa senti 99 za dola. Siku hizi wengi hawanunui wimbo wenyewe, hulipia kusikiliza. Spotify ilifika Tanzania na Kenya mwaka wa 2021. Tena wasanii wetu wengi huweka nyimbo zao YouTube kwa mkono wao wenyewe, na matangazo ya biashara yanawapa chochote. Anayesikiliza hapo ni mtu wa njiani kwa hiari ya mwenye dansi, ua umeshushwa makusudi, na asiambiwe ni mwizi. Lakini ziko tovuti ambazo mtu asiyejulikana amekusanya nyimbo za watu, akapachika matangazo yake, na kila anayekuja kupakua anamtilia senti mfukoni. Huyo ni mimi wa mwaka wa 1982, ila yeye ana redio kaseti milioni. Huko ndiko mjukuu wangu alikoingia. Makuti hakuyatoboa yeye. Alikuta tundu limekwisha kutobolewa, na mtu amekaa hapo na meza yake. Nadhani kosa lake ni dogo kuliko langu, na nimemwambia hivyo, ingawa babu hapendi kusema maneno ya namna hiyo.

Naogopa pia kusema zaidi ya haki. Nyimbo za zamani zina shida yake. Mbaraka alikufa kwa ajali Mombasa mwezi wa Januari 1979. Wapigaji wengi wamemfuata. Bendi nyingine zilikuwa mali ya mashirika, kanda zikawa za redio, na mtunzi akabaki na sifa tu. Ukitaka kulipa, utamlipa nani? Na kama si watu wa kanda, na vijana wanaozipandisha kwenye intaneti bila kumwuliza mtu, nyingine zingekuwa zimepotea kabisa. Kumbe aliyechukua pasipo ruhusa anaweza kuwa ndiye aliyetunza. Hoja hii naiogopa kwa sababu inanipendelea mimi.

Lakini kila ninapotaka kujistarehesha nayo namkumbuka Muhidin Gurumo. Mzee huyo aliimba zaidi ya miaka 50, akawa NUTA Jazz, akapita Mlimani Park na kwingineko, akarudi Msondo. Alipostaafu mwaka wa 2013 hakuwa na gari. Diamond Platnumz, kijana wa muziki wa kizazi kipya, akamzawadia gari, nchi nzima ikapiga makofi, nami nikiwamo. Mwezi wa Aprili mwaka uliofuata mzee akafariki, na watu wakafurika kumzika. Sina neno baya juu ya zawadi ile. Ilitoka kwa moyo mwema. Ila nilijiuliza sauti ya mzee huyu imo katika kanda ngapi za daftari langu. Gari lile lilikuwa sadaka ya mtu mmoja mahali palipokuwa na deni la watu wengi. Sadaka hupokewa mtu ameinama, deni hupokewa mtu amesimama wima. Na sisi tunapenda kutoa sadaka kuliko kulipa deni, kwa kuwa aliyetoa sadaka hushukuriwa, na aliyelipa deni hujibiwa tu kwamba hatudaiani. Kwa rambirambi sisi ni wepisi mno. Kwa shilingi 3 za mlangoni tunatafuta tundu.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya wacheza dansi peke yao. Naijua kwaya moja iliyochanga kwa miaka miwili ili irekodi kanda yake. Jumapili ya kwanza waliuza kanda 19 mlangoni mwa kanisa, wakafurahi. Jumapili ya pili waliuza mbili. Si kwamba watu hawakuzipenda nyimbo. Ukipita mitaani jioni ulizisikia kila nyumba, hata kwa wazee wa kanisa. Wote waliona kwamba wimbo wa ibada hauwezi kuwa mali ya mtu. Deni la studio wanakwaya walilimaliza kwa kuuza vitumbua. Mimi wakati huo redio kaseti zangu zilikuwa zimekwisha kuharibika, la sivyo sijui ningefanya nini.

Na mjukuu wangu, hatukukubaliana yote. Amesema kwa wanamuziki walio hai atatafuta mahali walipoweka wenyewe, hata kama ni kwa bando dogo na kwa kuvumilia matangazo. Kwa hao wa zamani anasema nimwonyeshe mlango naye atalipa. Sikuweza kumwonyesha. Nilimwambia tutafute bendi ya wazee inayopiga bado nyimbo zile, tuende tukalipe kiingilio. Akauliza dansi hilo linaanza saa ngapi, nikamwambia saa tatu za usiku, akanitazama mimi na fimbo yangu, akasema tutaona.

Kanda zimekwenda jalalani, isipokuwa sita zenye nyimbo ambazo hakuzipata popote. Hizo amezihamishia kwenye simu kwa waya ule ule wa mwaka wa 1982, aliouongezea kichwa kingine. Sanduku limeoshwa na mama watoto anatunzia mashuka. Aliponiuliza kama daftari nalo litupwe nilimwambia hapana, lina majina ya watu.